Duka la Kofia la Akina Zendijk

Jioni hiyo Wietske alikwenda dukani na karatasi moja na gundi. Jengo lao, pale katikati ya mji wa Deventer, lilikuwa linatimiza miaka mia, na wenye maduka wa mtaa ule walikubaliana kila mmoja abandike dirishani historia ya jengo lake.

Aliiandika mwenyewe. Kwanza, duka la kofia la akina Zendijk. Kuanzia 1942, redio za babu yake. Kisha televisheni za baba. Mwisho, wapangaji wa kutengeneza simu. Akina Zendijk, aliandika, "walihama".

Kuhama gani huko! Walikuwa Wayahudi, na Wajerumani waliwachukua. Kabla ya kuchukuliwa, Bi Zendijk alimkabidhi bibi yake Wietske vijiko vya fedha amtunzie. Vita vikaisha, akarudi peke yake, akabisha hodi. Bibi akamwambia amekosea mlango. Vijiko vile familia ilivitumia kunywea supu kila Jumapili, mpaka Wietske alipompa binti yake siku ya harusi.

La kuvunda halina ubani.

Alipobandika kona ya mwisho, harufu ikaja... Sufu iliyolowa. Mvuke wa pasi. Na duka lilikuwa tupu mwaka mzima.

Ngo... ngo... ngo.

Nyuma ya kioo alisimama ajuza, koti limemzidi mwili.

"Tumefunga, bibi."

"Samahani, mwanangu," ajuza alinong'ona. "Nimefuata vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Unavijua."

Alivijua. Uso ulimwaka kwa aibu, machozi yakamlenga. Kukiri kulikuwa neno moja tu. Lakini akikiri, kesho mji mzima ungejua kwamba ukoo wao ulikula amana. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu bibi yake.

"Umekosea mlango."

Ajuza hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyezoea.

"Bibi yako aliniambia hivyo hivyo. Baba yako naye, nikiwa nimeshazikwa. Haya... ngoja nijaribu kwa mwanao."

Wietske alipofuta machozi, hapakuwa na mtu barazani.

Simu ikaita.

Alikuwa Jildou, binti yake, anayeishi Groningen, zaidi ya saa nzima kwa treni.

"Mama," alinong'ona, "kuna bibi kizee mlangoni kwangu. Koti linamtoka mvuke. Eti vile vijiko ulivyonipa ni vyake. Ni kweli, mama?"

Wietske aliegemea ukuta. Mtoto huyu hakuwahi kuiba hata pipi. Angeweza kumwokoa sasa hivi, kwa kusema ndiyo.

"Mama? Nimwambie nini?"

"Mwambie..." Aliona haya kabla hajamaliza, na bado akamaliza. "Mwambie amekosea mlango."

Kisha Jildou, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumbishia mama yake, akamgeukia ajuza, akamwambia.