Godoro la Mama Yumna

Katika ploti yao ya Huruma, ghorofa ya tatu, hakuna aliyelipenda pipa lake kama Mideva. Lilikuwa pipa la bluu, limesimama kando ya mlango wake. Maji ya mgao yalikuja Jumanne tu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaza. Tena alikuwa na sheria moja: pipa halikaushwi. Maji ya zamani hubaki chini, mapya humiminwa juu yake.

"Niliwahi kukaa hapa wiki tatu bila maji," alipenda kusema. "Sirudii tena, hata kwa dawa."

Lakini hakuwa mchoyo. Mideva aliishi na mwanawe Ryan, wa miaka mitatu. Jirani yake wa mlango wa pili, Lela, alichota maji ya pipa hilo apendavyo. Lela alimwita Mama Ryan. Yeye alimwita Lela Mama Yumna. Mmoja alienda kanisani Jumapili, mwingine alifunga Ramadhani. Sahani za pilau na za mboga za kienyeji zilivuka huku na huku. Ungewaona, ungedhani wamezaliwa tumbo moja.

Zubeiri, mume wa Lela, alikuwa fundi wa malori. Alikuwa amekwenda kufanya kazi Sudan Kusini, akarudi Jumamosi akiwa na homa. Kichwa kilimgonga. Mgongo ulimuuma. Mchana wa Jumamosi na Jumapili alitoa kiti, akaota jua karibu na lile pipa. Jumatatu alitapika. Lela alipomtazama macho, yalikuwa ya manjano.

"Inuka twende hospitali, Baba Yumna," alisema. "Hii si ya kununulia vidonge dukani."

Kufikia Jumanne asubuhi ploti nzima ilikuwa na habari. Zubeiri amelazwa. Amewekwa ndani ya neti mchana kutwa. Madaktari wanashuku homa ya manjano, na damu yake imepelekwa maabara.

Mideva alimwita Ryan ndani. Jumapili hiyo Ryan alikuwa ameshinda kwa Lela, akirukaruka juu ya godoro la Zubeiri. Mideva alimshika paji la uso. Halikuwa na joto. Akamshika tena.

Lela alikuwa ameanika lile godoro juu ya paa, pamoja na shuka alilolifua, kisha akarudi hospitali na mwanawe mgongoni. Wanawake wengine walikuwa wameshatoa nguo zao kwenye kamba za huko juu. Mideva akamwita Njogu, msimamizi wa ploti.

"Hilo godoro litatumaliza," alisema. "Limebeba ugonjwa."

"Sasa unataka nifanye nini, Mama Ryan?"

"Lichomwe!"

Njogu alivaa mifuko ya plastiki mikononi. Akaliburuta godoro hadi chini, kando ya jaa la takataka. Mideva mwenyewe ndiye aliyelimwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Shuka liliachwa kwenye kamba, maana hakuna aliyetaka kuligusa.

"Na Jumapili wahame," Njogu alisema. "Mimi sitaki balaa hapa."

Mideva alipanda ngazi kwenda kumshika Ryan paji la uso tena.

Lela alirudi saa kumi jioni. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alisimama tu mlangoni mwa Mideva, Yumna mgongoni, jivu amekwisha kuliona.

"Mama Ryan, ni wewe?"

"Nilifanya kwa ajili ya watoto. Hata wako."

"Sawa. Leo mimi na huyu tutalalia nini?"

Lela alichukua jagi lake juu ya pipa, akaingia kwake, akafunga mlango.

Asubuhi ya Jumatano alikuja Triza, mhudumu wa afya ya jamii. Hospitali ndiyo iliyomtuma kukagua nyumba za jirani. Njogu alimwonyesha haraka mlango wa Lela.

"Mgonjwa alikuwa analala mle."

"Asante, lakini nauliza maji," Triza alisema. "Mnaweka wapi maji?"

Mideva akaonyesha pipa lake, kifua mbele. Triza alisogeza kifuniko, ambacho kilikuwa kimeziba nusu tu. Akawasha tochi ya simu.

"Njoo uone, mama."

Vijidudu vyembamba vilikuwa vinapanda na kushuka majini.

"Hao ni viluwiluwi. Ni watoto wa mbu."

"Haiwezekani! Maji yangu ni safi. Hata Mama Yumna anayanywa."

"Usafi wake ndio anaoupenda mbu huyu. Si yule wa mtaroni. Huyu ana madoa meupe miguuni, na huuma mchana. Ndiye anayetoa homa ya manjano kwa mgonjwa na kumpa mwingine."

"Kwani si godoro?" Mideva aliuliza kwa sauti ndogo.

Triza alichungulia chini, akaona jivu. Akaelewa. Hakumgombeza.

"Usijione mjinga, dada yangu. Hata madaktari walichoma. Zamani ugonjwa huu uliua maelfu ya watu Marekani, Cuba, na hapa Afrika. Watu walidhani unatoka kwenye hewa mbaya, au kwenye nguo za wagonjwa. Wakachoma mablanketi, wakachoma magodoro. Ugonjwa ukaendelea. Daktari mmoja wa Cuba akasema ni mbu. Wakamcheka karibu miaka ishirini."

"Walijuaje baadaye kwamba alisema kweli?"

"Mwaka 1900, huko huko Cuba, vijana walikubali kujaribiwa. Walilala ndani ya kibanda juu ya mashuka ya wagonjwa, machafu, yana matapishi na damu. Usiku ishirini. Hakuna hata mmoja aliyepata homa ya manjano. Lakini wenzao walioumwa na wale mbu waliugua."

Mideva aliegemea ukuta.

"Zubeiri alikaa pale siku mbili," alisema. "Karibu na pipa langu. Mbu wangu wamemuuma. Halafu watamuuma Ryan!"

"Tulia. Bado tunawahi. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa, haambukizi papo hapo. Ugonjwa hukaa ndani yake kwanza, kama siku kumi hivi. Mchana huu wenzangu watapuliza dawa ya kuua wanaoruka. Viluwiluwi tunawamaliza sasa hivi, mimi na nyinyi."

Mlango wa Lela ukafunguka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Zubeiri alikuwa na ile kadi ya manjano ya safari, ya kuonyesha umechanjwa," alisema. "Aliinunua mjini, bila sindano. Alisema foleni itamchelewesha kazini. Na mimi nilinyamaza."

"Wengi hufanya hivyo, na kadi haizuii kitu," Triza alisema. "Kinga iko kwenye sindano. Kwa watu wengi, moja tu hutosha maisha yote, lakini ichomwe siku kumi kabla ya safari. Unajua ilitoka wapi? Mwaka 1927 mtu mmoja wa Ghana, jina lake Asibi, aliugua homa hii. Alitolewa damu, naye akapona. Virusi vya damu ile ndivyo watafiti walivyovipunguza makali kwa miaka mingi, hadi vikawa chanjo. Dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe haipo hadi leo. Madaktari humsaidia mgonjwa tu, mwili ujipiganie."

Kazi ikaanza. Maji ya juu waliyachuja kwa kitambaa, wakajaza mitungi yenye vifuniko. Maji ya chini yalimwagwa kwenye udongo mkavu. Mideva aliyatazama yakinywewa na ardhi, na yalimuuma, asikudanganye mtu. Kisha akaingiza kichwa na mabega ndani ya pipa, akasugua kuta kwa brashi.

"Sugua kweli kweli," Triza alimwambia. "Mayai hushika ukutani, na pipa likikauka hayafi. Fanya hivi kila wiki, kisha ulifunge kabisa."

Mapipa yote ya ploti yalisuguliwa. Hata Njogu alikunja suruali.

Walipomaliza, Mideva alipanda juu ya paa. Shuka lilikuwa bado linaning'inia peke yake kwenye kamba. Alilitoa, akalikunja, akashuka. Akaingia kwake, akajitwika godoro lake la pekee, akavuka hadi kwa Lela bila kubisha. Aliliweka mahali palipokuwa wazi. Akatandika lile shuka la Zubeiri. Kisha akamchukua Ryan, aliyekuwa anasinzia, akamlaza katikati yake.

Lela alimtazama mtoto. Halafu akamtazama mama yake.

"Mama Ryan, huogopi?"

"Naogopa mbu," Mideva alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Lela alikaa chini kando ya Ryan, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Mideva naye akalia. Njogu alikuwa amefika mlangoni kusema neno kuhusu Jumapili. Alikohoa kidogo, akaondoka, na neno hilo hakulisema tena.

Majibu ya maabara yalithibitisha kwamba ilikuwa homa ya manjano. Wauguzi walikuja na chanjo, na wa kwanza kwenye foleni walikuwa Mideva na Ryan. Siku zilihesabiwa moja moja. Hakuna mwingine aliyeugua, si ghorofa ya tatu, si ploti nzima.

Zubeiri aliruhusiwa baada ya wiki tatu. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa meupe. Alipita karibu na pipa la bluu, ambalo sasa lilikuwa na kifuniko kilichobana na kitambaa kilichofungwa kwa mpira juu yake. Aliingia ndani, akasimama.

"Godoro langu liko wapi?"

Wanawake walitazamana.

"Nililichoma, Baba Yumna," Mideva alisema. "Kwa mikono yangu hii."

Zubeiri aliangalia godoro lililokuwa sakafuni, ambalo watu wanne walikuwa wamelilalia wiki hizo zote.

"Na hili je, ni la nani?"

"Ni letu," Lela alisema. "Kaa, upumzike."