Nilimnyima Mume Wangu Maji ya Ubatizo

Nina miaka hamsini na miwili, mjane, nalima kahawa yangu ekari moja na nusu huku Mbozi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la ubatizo. Hapa kijijini wote wananipa pole. Ndugu wasomaji, sistahili pole hiyo...

Mume wangu, Baba Lusajo, alitoka bondeni Momba. Hakuwa mtu wa kanisa, lakini kila Jumapili alinisindikiza hadi mlangoni, kisha akakaa nje kwenye benchi mpaka tutoke. Uzeeni akaomba abatizwe. Nilifurahi mno, nikamshoneshea na shati jeupe.

Kwetu mtu mzima habatizwi mpaka asimame mbele ya wazee aikiri Imani ya Mitume yote, mwanzo hadi mwisho, bila kitabu. Baba Lusajo aliijua vizuri. Ila kila alipofika "ufufuo wa mwili" alinyamaza.

Wenzangu walidhani amesahau. Mimi nilijua. Mtoto wetu Lusajo alikufa kwa homa akiwa na miaka sita, na baba yake ndiye aliyemlaza kaburini kwa mikono yake. Aliniambia chumbani, machozi yakimtoka: "Mama Lusajo, mengine yote naamini. Hapo bado. Nikitamka nitakuwa namdanganya Mungu."

Siri ile niliitoa kwenye kikao cha wazee! Niliogopa watasema nambeba mume wangu. Nikasimama nikasema huyu hajasahau, huyu haamini. Akarudishwa darasani... mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipojua ni mimi niliyesema, hakunigombeza. Aliacha tu kunisindikiza.

Masika yaliyopita akaanza kuvimba miguu. Hospitali wakaturudisha nyumbani. Asubuhi moja akanishika mkono, akasema, "Nitie maji tu, mama. Nisife hivi."

Jamani, nilijua kwamba mtu akiwa mahututi, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Mimi mwenyewe nilikuwa nawafundisha watu hivyo! Ndoo ya maji ilikuwa kando ya kitanda. Nikamwambia aikiri Imani kwanza. Akaanza kwa sauti ya kukwaruza, akafika palepale, akanitazama, akanyamaza. Nikajifunga kanga nikaenda kumwita mchungaji, ili mambo yaende kwa utaratibu.

Tuliporudi, jirani niliyemwachia mgonjwa alikuwa ameshamfumba macho.

Kwa kuwa hakubatizwa, alizikwa bila kengele wala kwaya. Ningemlalamikia nani? Kanuni hizo nilizifundisha mwenyewe. Shati jeupe bado liko sandukuni.

Jumapili iliyofuata tulisimama kuikiri Imani. Nilipofika "ufufuo wa mwili"... ulimi ukakataa. Nikaketi, kanisa zima limesimama. Mpaka leo sijautamka mstari ule, na ndio ninaouhitaji uwe kweli kuliko yote. Maana usipokuwa kweli, nitamwomba wapi msamaha?

Wasomaji wangu, sisemi muitupe Imani. Ifundisheni, ikaririni, ni urithi wetu. Ila mwenzako akikufungulia moyo chumbani, usimpeleke kikaoni. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimeshampakata.

Uzee wa kanisa niliuacha. Siku hizi nakaa nje, kwenye benchi lake, nawasikiliza wenzangu wakikiri mpaka mwisho. Nawasihi, mtu akikuomba maji, mpe maji.