Mkono Uliomshika Anisa

Maji yalikataa kumlowesha Anisa.

Alikuwa akitawadha alfajiri nyuma ya nyumba yao pale Keroka. Maji yalishika vidole, yakashika kiganja, lakini kwenye kifundo cha mkono wa kulia palibaki pakavu, upana wa vidole vinne, pameuzunguka mkono mzima. Akamimina tena. Maji yalifika pale yakakwepa, yakateremkia upande wa pili. Mtu mwingine angepiga ukelele mpaka majirani watoke na mapanga. Anisa aliuleta mkono puani, akasikia harufu ya mafuta ya taa. Akatabasamu, maskini, kisha akalia.

Mumewe, Hafiz, aliuza mafuta ya taa na sabuni za miche katika kiduka karibu na stendi miaka yote ya ndoa yao, na hakuna sabuni dukani mwake iliyowahi kuitoa harufu ile viganjani. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwaka uliopita, nyumbani, kabla gari halijapatikana, huku amemshika mkewe mkono.

Watu husema majini ni wa pwani, ati baridi ya Kisii hawaiwezi. Wanaosema hivyo hawajaishi Keroka. Kwanza kule kushikwa kulikuwa alfajiri tu. Halafu ikawa na magharibi, mvua inapoanza kupiga mabati. Mwishowe ikawa mchana kweupe, na Anisa akajifunza kupika kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeshikwa mkono na mwenziwe njiani na hataki kuuchomoa.

Binti yake wa pekee, Istarlin, mwalimu wa shule moja huko Sironga, alikuja likizo akamkuta mama yake akimenya ndizi. Alikuwa anataka kuchukua kisu amsaidie. Ndipo akaona nyama ya kifundo cha mkono imebonyea, mabonde manne upande huu na moja upande ule, na hakuna kitu kilichoyabonyeza, na alipokuwa bado anajiambia kuwa ni mwanga mbaya wa jikoni mabonde yale yakasogea kidogo, polepole, kama afanyavyo mtu anayeshika vizuri zaidi kitu asichotaka kukipoteza.

"Mama," alinong'ona, "nani amekushika?"

"Punguza sauti. Baba yako hapendi kelele."

Istarlin aliogopa, lakini kilichomvunja moyo ni ile furaha usoni mwa mama yake.

Zaidi ya hayo, Anisa alikuwa mgonjwa. Akipanda kile kilima cha kutoka sokoni kifua kilimbana hadi akae chini. Istarlin akampeleka mjini Kisii kwa Daktari Masese, ambaye alipima na kusema mshipa mmoja wa moyo unaziba.

"Tutapitisha mrija mwembamba hapa kwenye kifundo cha mkono, uende hadi kwenye moyo, tupazibue," alisema. "Ni salama kuliko kupitia pajani, Mama. Damu haimwagiki sana, na jioni utatembea mwenyewe. Kiganja kinalishwa na mishipa miwili, kwa hivyo hata huu mmoja ukigoma, mwenzake anafanya kazi."

Akaibana mishipa yote miwili kwa vidole vyake ili aonyeshe. Kiganja kikawa cheupe. Akaachia mmoja. Rangi ilipaswa kurudi mara moja, haikurudi. Akaachia wa pili, na bado kiganja kilibaki cheupe kama nta. Daktari akageukia mkono wa kushoto, na mara ule wa kulia ukapata rangi, na wa kushoto ukapauka mbele ya macho yao.

"Nani ameleta mafuta ya taa humu?" muuguzi aliuliza.

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Mishipa imejikaza. Hofu hufanya hivyo. Pajani sitaki kupitia, kwa dawa unazokunywa utavuja damu. Nendeni mpumzike, mrudi Jumatatu."

Nyumbani walimkuta Nyaboke akiwangoja, jirani anayeuza ndizi, Msabato mwenye shamba la chai upande wa Itumbe. Alikuja na chupa ya uji na kifundo chake mwenyewe cha mkono, ambacho alikiweka mezani kama kielelezo.

"Mama Istarlin, ona. Hii mkono walipitisha waya mpaka kwa roho, na mimi naangalia kwa TV. Jioni nikakula ugali. Shida yangu ilikuwa kukatazwa kuchuna majani siku kidogo, nikaona bibi ya kaka yangu akichuna vibaya na siwezi sema. Yaya, hapana, usiogope hiyo waya."

"Siogopi waya, Nyaboke."

"Sasa unaogopa nini?"

Anisa akaufunika mkono kwa mtandio.

Alasiri Istarlin alimwita Maalim Shariff wa madrasa. Mvua ilikuwa imeanza, na mshumaa umewashwa. Mzee alikaa kwenye mkeka, akautazama mkono ule muda mrefu bila kuugusa.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "wakati Hafiz anakata roho, ulimwambia nini?"

Anisa aliinamisha kichwa. Katika nyumba zao, anayekata roho hulakiniwa shahada, yaani husomewa ili aitamke, basi. Haitwi jina, habembelezwi abaki, anasaidiwa kwenda.

"Wenzangu walikuwa wakimlakinia," alisema. "Mimi nilimwambia asiniachie."

Maalim alifumba macho. "Basi kwa neno hilo umefungua mlango, na jini amepita. Amevaa harufu ya marehemu. Wafu hawarudi, Anisa. Mwamuru akuachie."

"Na akiachia?"

"Jini haachii kwa kuombwa. Atang'ang'ania, nawe utajua kuwa si Hafiz, halafu nitamsomea mpaka atoke."

"Nimekuuliza, Maalim. Na akiachia?"

Maalim akafungua msahafu. Akaanza kusoma, na mvua ikazidi juu ya mabati, na yeye akapaza sauti, na harufu ya mafuta ya taa ikajaa chumbani hadi Istarlin akakimbilia kuzima mshumaa, na katika giza lile la mawingu wakasikia mtu wa nne akipumua, pumzi nzito za mtu anayebeba mzigo kwenye mteremko, karibu na Anisa, karibu sana, mpaka Anisa akatoa sauti ndogo na kuanguka kifudifudi, midomo imemwiva rangi ya zambarau.

Mvua haikuwa imekatika walipofika hospitali. Mlangoni mwa chumba cha matibabu Istarlin alimwinamia mama yake kitandani.

"Mama, baba nilishamzika. Usinifanye nikuzike na wewe. Sina mwingine."

Wakamwingiza. Daktari Masese aliutafuta mshipa kwa ncha za vidole, akatafuta tena. "Siyasikii mapigo," alimnong'oneza muuguzi. "Mkono ni barafu."

Anisa alisikia pumzi ile sikioni. Alijua sasa kwamba atakufa akiwa ameshikwa hivi, na sehemu kubwa yake ilikuwa radhi. Ile ndogo iliyobaki ilikuwa mlangoni ikilia.

"Hafiz," alisema. "Nina mtoto. Niachie."

Akangoja kubanwa. Aliomba abanwe, abanwe hadi mfupa uvunjike, ili ajue kuwa ni jini tu, kuwa mumewe amelala kwa amani kaburini tangu mwaka jana. Lakini kidole gumba kikapita juu ya mshipa wake mara moja, taratibu, kama alivyozoea Hafiz akiondoka kitandani kwenda kufungua duka, asije akamwamsha. Kisha mkono ukalegea. Harufu ilielekea mlangoni, na muuguzi akasogea kupisha bila kujua anampisha nani.

"Haya, sasa nayasikia," alisema Daktari. "Tuendelee."

Kazi ilikwenda vizuri, mshipa wa moyo ukazibuliwa. Usiku ule Anisa alikuwa ameketi, bangili ya plastiki imebana tundu dogo pale mkononi, na rangi imemrudia usoni. Istarlin alimpigia simu Maalim, akarudi kitandani akicheka na kulia.

"Anasema alhamdulillahi, Mama. Jini ametoka. Ulimfanyaje?"

"Nilimwomba tu. Akaniachia."

Istarlin akaishusha simu. Alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka Maalim aliposema kuwa jini haachii kwa kuombwa. Akamwona mama yake anatetemeka mabega, akaitazama ile bangili kwa wasiwasi.

"Mkono unauma, Mama?"

"Hauumi," Anisa alisema. "Hauumi hata kidogo."

Akajifunika uso kwa shuka, akamlilia mumewe upya kama aliyefiwa siku hiyo.