Mbavu Sita
Walikutana kwa ugomvi, na nadhani makosa yalianzia hapo. Asubuhi moja, mbele ya lifti ya hospitali, watu wamejaa tele, mpiga picha za eksirei alisukuma mashine yake ya magurudumu bila kuangalia, akamkanyaga daktari wa watoto wachanga kidole cha mguu. Daktari alikuwa amevaa viatu vya wazi, vyekundu, vipya.

"Huna macho?"

"Ninayo. Yalikuwa yanakutazama wewe."

Upuuzi mtupu, lakini ulimwingia. Tangu siku hiyo akaitwa Kidole, naye akamwita mwenzake Gurudumu, na simu zao zikawa ndefu hadi wenzao wakachoka nao.

Kisha ikaja Jumapili. Mama yake Gurudumu alipika tangu asubuhi, akavaa gauni lake la kwendea harusi, akakaa kumsubiri mkwe. Kidole hakutokea wala hakupokea simu. Alikuwa wodini na mtoto njiti aliyeshindwa kupumua, hilo ni kweli. Lakini mtoto alipotulia hakupiga, akaenda zake kulala. Mimi nisingemsamehe.

Kesho yake Gurudumu aliitwa kumpiga mtoto yuleyule picha ya kifua. Aliingia na aproni nzito ya risasi, ya kukinga miale, na uso mzito zaidi.

"Mpenzi, kuhusu jana..."

"Nimeitwa kupiga picha, Daktari."

Kidole akatoka nje. Gurudumu alitelezesha sahani ya picha chini ya mgongo wa mtoto. Ilikuwa ya baridi, mtoto akaangua kilio. Mpiga picha mwenye akili zake hutazama tumbo, hungoja mtoto avute pumzi mapafu yajae, ndipo abonyeze. Gurudumu alitazama ukuta, akabonyeza, akaondoka.

Kwenye skrini, Kidole alihesabu mbavu zilizoonekana juu ya ule msuli wa chini ya mapafu. Sita, naye alitarajia nane. Mapafu yalikuwa madogo, meupe, kama yamesinyaa. Kwa picha ile, mtoto alipaswa kuingizwa mpira kooni apumuliwe na mashine. Muuguzi akaanza kuuandaa. Mama wa mtoto, aliyesimama pembeni, akatokwa na machozi kimyakimya.

Kidole akamgeukia mtoto. Rangi nzuri, ametulia, oksijeni kidogo tu puani. Akachukua simu.

"Alikuwa analia ulipobonyeza?"

"Sikumbuki."

"Ulimtazama au hukumtazama?"

"Nilikuwa na hasira."

"Nikasirikie mimi. Huyu hajakukosea kitu. Ulitaka nimtie mpira kooni bure? Rudi hapa, sasa hivi."

Alirudi na hasira, na sasa nyingi ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Kidole aliweka kiganja kichwani pa mtoto hadi akanyamaza. Wakainama wote wawili, wakitazama tumbo dogo likipanda na kushuka.

"Sasa," Kidole akanong'ona.

Mbavu nane. Mapafu yamejaa hewa. Muuguzi akaurudisha mpira kwenye droo.

"Na ile ya kwanza?" mama wa mtoto akauliza.

"Nilikosea mimi, mama. Nisamehe," Gurudumu akasema.

"Usirudie," mama wa mtoto akasema.

Ugomvi ulihamia mbele ya lifti.

"Amepigwa miale mara mbili kwa ajili ya kununa kwako!"

"Na mama yangu alikaa mezani mpaka chakula kikapoa. Simu moja tu, Kidole."

"Niliogopa. Atauliza huyu mke gani asiye na muda. Na muda sina, ndivyo nitakavyokuwa siku zote."

Gurudumu akampigia mama yake, akamweleza habari ya mtoto, akafungua spika, akamkabidhi Kidole simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo mtoto anapumua?"

"Anapumua vizuri."

"Basi njoo ule. Ila bado nimekukasirikia."

"Hata mimi," Gurudumu akadakia. "Nimekukasirikia sana. Nikuoe tu, tugombane nyumbani, watoto wa watu wapumue."

"Nitakujibu hasira zikiisha," alisema Kidole. Lifti ikafunguka. Akaingia, akauzuia mlango kwa mguu, viatu vilevile vyekundu. "Ingiza mashine yako. Na safari hii uangalie."