Petali Kumi na Sita

Kila jioni ya majira ya baridi, mjukuu wangu Guyu alipotoka shule alivua viatu, akapanda juu ya kitanda chetu cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, akasimama mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi hiyo ilikuwa na maua tisa, kila ua na petali tisa. Tunaanza kuipaka rangi siku ile iliyo fupi kuliko zote za mwaka, petali moja kwa siku. Petali ya themanini na moja ikipakwa, baridi imekwisha. Siku ya jua tunapaka nyekundu, siku ya mawingu bluu, siku ya upepo kijivu.

Nyumba nyingi hapa kijijini Nanwa zina karatasi kama hiyo, lakini marehemu mume wangu aliongeza jambo lake. Alichukua kipande cha nondo, akakifunga uzi mwekundu kila baada ya shubiri moja. Kila siku alikwenda nacho shambani, akakidunga ardhini mpaka kigonge udongo ulioganda chini. Kisha aliandika kwa penseli ndani ya petali: shubiri moja, shubiri moja na vidole viwili, na kadhalika.

Alikuwa na sababu. Sisi tunalima zabibu, na mizabibu haiwezi baridi ya kwetu. Majani yakipukutika tunailaza chini na kuifunika udongo, kama mtu anayefunikwa blanketi. Kuifukua ndiko kwenye mashaka. Ukichelewa, matumba yanachipuka humo gizani na kukatika. Ukiwahi, usiku mmoja wa jalidi, umande ulioganda, unayaua yote, na mwaka huo huna zabibu. Mume wangu hakufukua kabla nondo haijafika shubiri nne, na ndiyo maana karatasi zake, za miaka thelathini na mmoja, nimeziviringisha na kuziweka sandukuni.

Wazazi wa Guyu wanafanya kazi kiwandani, mji wa mbali, kwa hiyo tunakaa wawili. Mwaka huo yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mimi nilikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alinipangia upasuaji katikati ya mwezi wa pili, nikatakiwa kubaki mjini kwa mdogo wangu siku kumi na nane. Guyu angelala kwa jirani yetu, Shangazi Qiao, anayeuza tofu ya soya.

"Kuku watatu, nondo moja, petali moja," nilimwambia siku ya kuondoka. "Kila siku. Ni hayo tu."

"Bibi, hayo naweza hata nikiwa nimelala."

"Ukiwa umelala hutaona kitu. Nenda ukiwa macho."

Siku mbili za kwanza alikwenda. Siku ya tatu upepo ulivuma mkali, na rafiki yake Pei alimwita wakacheze mchezo wa kurusha nyoya kwa mguu nyuma ya ghala, mahali ambapo upepo haufiki. Guyu aliwalisha kuku, akaitazama nondo iliyoegemezwa mlangoni, akasema moyoni: kesho nitadunga mara mbili. Kesho yake alisema vivyo hivyo. Kuku hawakulala njaa hata siku moja, hilo nalisema kwa haki yake. Lakini nondo ilikaa pale pale mlangoni.

Siku moja kabla sijarudi, alikaa kitandani na rangi zake, akapaka petali kumi na sita kwa mkupuo. Nyingi alizipaka nyekundu, nyingine bluu, chache kijivu. Katika kila moja aliandika kina, akiongeza kidogo kidogo mpaka petali ya mwisho ikafika shubiri nne. Ilipendeza kuitazama. Ilipanda kama ngazi.

Nilirudi nikiwa na kitambaa juu ya jicho moja, na lile jingine halikuona vizuri. Daktari alinikataza kuinama na kukaa penye vumbi. Nilimwomba Guyu anisomee petali.

"Shubiri nne?" nikauliza. "Mwezi wa tatu ndio kwanza umeanza."

"Ndiyo, Bibi. Shubiri nne."

"Ajabu. Magoti yangu yanasema baridi bado." Kisha nikajicheka. "Lakini magoti ni mazee. Petali hazizeeki."

Jioni hiyo alikuja Mzee Geng kunijulia hali. Ni rafiki wa marehemu mume wangu tangu utoto, na mpaka leo ananiita shemeji. Nilimwomba aje na wanawe wawili Jumamosi wanisaidie kufukua, kwa kuwa Jumapili vijana hao walikuwa wanarudi mjini kwenye kazi ya ujenzi.

"Mapema hivyo, shemeji? Yangu mimi siigusi kabla ya mwezi wa nne."

"Nondo imefika shubiri nne."

Mzee Geng akakuna kidevu. "Karatasi za marehemu hazijawahi kutudanganya. Basi, Jumamosi."

Guyu alikuwa anatumiminia chai. Ilimwagika mezani. Nilidhani birika limemchoma.

Mambo aliyoyafanya siku zilizofuata alinisimulia baadaye. Alianza kuyatafuta majira ya machipuko. Alitaka tu yawe yamefika kweli, ili uongo wake ugeuke ukweli na asilazimike kusema neno. Jumanne mchana aliona barafu iliyoning'inia kwenye paa la shule ikidondosha maji, akafurahi mpaka akamgawia Pei nusu ya viazi vyake. Alasiri maji yaliganda tena. Jumatano alimkuta Shangazi Qiao amefunika tofu kwa shuka jepesi, si kwa blanketi.

"Shangazi, baridi imekwisha?"

"Imekwisha wapi? Blanketi limelowa, nimelianika. Kwani una haraka gani, umeposwa?"

Alhamisi aliona kwa mbali mierebi ya mtoni imezungukwa na kitu kama ukungu wa kijani. Alikimbia. Alipofika chini yake ukungu ulitoweka, yakabaki matumba madogo, magumu kama punje za mchele. Mtoni, maji yalikuwa wazi kingoni, lakini katikati bata walitembea juu ya barafu. Guyu alisimama pale kwa muda mrefu. Miaka yote alidhani majira ya machipuko huja siku moja, kama mgeni anayeshuka kwenye basi. Sasa aliyaona yanakuja vipande vipande, na vipande vingine bado viko njiani.

Ijumaa alichukua nondo. Alidunga mwisho wa mstari wa kwanza wa mizabibu. Juu palikuwa na tope lililoshika viatu, lakini nondo haikupita shubiri moja na vidole viwili. Iligonga. Alihamia mahali pengine. Iligonga.

Wakati wa chakula cha jioni hakugusa tambi zake.

"Bibi," akasema, "petali kumi na sita si za kweli."

Nikaweka vijiti vyangu chini. Alinieleza yote, akitazama bakuli.

"Leo nimedunga mahali kumi," akamalizia. "Nilitaka hata mahali pamoja tu pakubali. Hapakukubali."

Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Mistari ishirini na miwili ya mizabibu ndiyo chakula chetu na ndiyo ada yake ya shule. Kesho yake asubuhi ningeifukua yote kwa mikono ya watu niliowaita mwenyewe. Lakini hata kwa jicho langu bovu niliona kwamba viatu vyake vilivyokuwa mlangoni vimejaa tope mpaka juu. Mahali kumi ni pengi kwa mikono midogo.

"Vaa koti lako la pamba," nikamwambia. "Nenda kwa Babu Geng ukamwambie wasije. Mwambie na sababu."

"Peke yangu?"

"Maneno ni yako peke yako. Mimi nitakusindikiza mpaka getini kwake."

Nilisimama nje ya geti, nikawasikia. Walikuwa mezani. Guyu alisema yote kwa sauti ndogo, lakini hakuruka kitu. Kijana mdogo wa Geng, Dashan, akacheka.

"Kumbe mtabiri wetu wa hali ya hewa ana kalamu za rangi tu. Kwenye matokeo ya mtihani nako unajipakia alama nzuri?"

"Nyamaza wewe," Mzee Geng akasema. "Ulipokuwa na umri wake uliniambia mbuzi amekula daftari lako, na hatukuwahi kufuga mbuzi." Kisha akamgeukia Guyu. "Unajua wanangu wanaondoka keshokutwa?"

"Najua, Babu."

"Kwa hiyo wakati ukifika, watakaofukua ni wewe na bibi yako. Naye jicho lake linauguzwa. Mistari ishirini na miwili."

"Najua. Nitafukua mimi."

Guyu alipotoka alishika mikate miwili ya mvuke iliyofungwa kwenye kitambaa, bado ya moto. Mke wa Geng alikuwa amemtilia mkononi.

Siku tano baadaye tuliamka tukakuta dunia nyeupe. Haikuwa theluji, ilikuwa jalidi. Taulo niliyoisahau kwenye kamba ilikuwa imekakamaa kama ubao. Guyu aliigonga kwa kidole, ikalia. Tulikwenda mpaka ukingo wa shamba. Matuta yote yaling'aa, na chini yake mizabibu ilikuwa imelala salama. Alinishika mkono, na tuliporudi alinizuia kila penye utelezi.

Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumkumbusha nondo. Petali themanini na moja zilipokwisha, aliendelea kuandika pembeni mwa karatasi, na jioni aliniletea habari ambazo hata sikumwomba.

"Bibi, maji ya mfereji yameanza kutoa sauti."

"Bibi, Shangazi Qiao ametoa pazia la pamba mlangoni kwake. Nimemuuliza, safari hii si kwa kuwa limelowa."

"Bibi, nimeona chura. Anatembea kama Babu Geng akitoka kulala."

Siku moja alirudi na mboga pori za kwanza kwenye kofia yake, na mizizi yake bado ina udongo. Tulizikatakata, tukazitia ndani ya maandazi ya kuchemsha, na sahani moja aliipeleka kwa kina Geng mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne, mti wa aprikoti ulio kando ya kisima ulitoa maua. Siku hiyo hiyo Guyu alikuja mbio kutoka shambani, akiwa ameshika nondo yenye udongo mpaka kwenye uzi wa nne.

"Nimedunga mahali kumi na tano. Hapakugonga hata mahali pamoja. Njoo udunge mwenyewe, Bibi, usiniamini."

Nilikwenda nikadunga. Ilikuwa kweli.

Tulianza kesho yake. Yeye alitoa udongo wa juu kwa beleshi baada ya shule. Ule wa mwisho tuliutoa kwa mikono, ili tusiyaumize matumba. Daktari alikuwa ameshaniruhusu kazi nyepesi, lakini kila nilipoinama sana Guyu alinikemea kama mama mkwe. Siku mbili tulimaliza mistari mitatu. Viganja vyake vilitoka malengelenge, akavifunga vitambaa akaendelea.

Siku ya tatu Mzee Geng alitokea na jembe begani.

"Sijaja kusaidia," akasema. "Nimekuja kuona kama nondo inasema kweli leo."

Akaanza mstari wa nne. Baadaye kidogo akaja Shangazi Qiao, tofu zake zimekwisha, na nyuma yake Pei katika viatu vya shule. Sikuwaita. Jumapili jioni mizabibu yote ilikuwa juu, imefungwa kwenye nyaya zake. Nilikata ncha ya tawi moja, na baada ya muda tone la maji likatoka pale nilipokata, likaning'inia, likaanguka. Mzabibu ulikuwa hai.

Siku ya kuibandua karatasi ukutani, Guyu alibaki ameishika mikononi.

"Bibi, nichore nyingine? Nipake upya zile kumi na sita, vizuri."

"Utapaka nini? Siku zile zimeshapita."

Nilifungua sanduku, nikatoa moja ya karatasi za babu yake, nikaifungua juu ya kitanda. Katika ua la sita kulikuwa na petali nne tupu. Pembeni palikuwa na mwandiko wake wa penseli: Niliugua. Sikwenda.

Guyu aliinama akausoma mara mbili. "Babu aliacha tupu?"

"Aliacha tupu. Nilipoziona, nilijua siku hizo nne hatuna habari, nikachukua nondo nikaenda mwenyewe. Petali tupu haikunidhuru, mjukuu wangu. Na zako ungeziacha tupu ningekugombeza kidogo, kisha ningemwomba mtu akadunge, yakaisha. Lakini ulizijaza, na mimi nikaziamini kwa sababu nakuamini wewe. Mtu akikutuma ukatazame, usipotazama sema hukutazama. Ni aibu ya siku moja. Uongo ungetuchukulia mwaka mzima."

Alichukua penseli, akaandika kitu kando ya petali zake, akaiviringisha karatasi, akanipa. Nilingoja mpaka alipotoka kuwalisha kuku, nikaifungua dirishani. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikisomewa kila kitu. Siku hiyo, kwa jicho langu jipya, nilisoma mwenyewe, neno kwa neno:

Siku hizi sikutazama. Guyu.

Niliiweka sandukuni, juu ya zile thelathini na moja.