Kicheko Kilichotangulia

Haya yalimkuta rafiki yangu Evanthia kule mjini Volos, wiki ile tuliyomzika mama yake. Jioni alikwenda nyumbani kwa marehemu kumwagilia mirehani tu. Umeme ulikuwa umeshakatwa. Akaketi gizani kwenye roshani inayotazama uwanja wa sinema usio na paa. Chini, watu walikuwa wakitafuta viti, kokoto zikilia miguuni mwao.

Jirani wa marehemu, bibi Polyxeni, akamwita kutoka roshani ya pembeni: “Mwanangu, kaa utazame! Filamu mpya, ndiyo kwanza inaonyeshwa leo.”

“Haya, bibi. Kidogo tu.”

Filamu ilipoanza, Evanthia akasikia mtu akicheka chumbani, nyuma yake. Mara mwigizaji akatoa mzaha, na watazamaji wote wakaangua kicheko. Ikawa hivyo tena na tena: kicheko cha chumbani kwanza, kisha mzaha, ndipo kicheko cha watu.

“Evanthia, umekuja na nani?” Polyxeni akauliza. “Mwambie aache kuwahi kucheka, anatuharibia uhondo!”

Evanthia hakugeuka. Chini walikuwa bado wanacheka, wengine wakipiga makofi. Nyuma yake, chumbani, mtu akaanza kulia.