Vikonokono vya Upande wa Kusini

Saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi, Sajini Hlengiwe Mkhwanazi aliufikia mti wa isibhaha kando ya njia ya msituni. Alilazimika kuuzunguka ndipo akaliona jeraha. Upande wote wa kusini ulikuwa umechunwa gome, kuanzia mizizini hadi juu ya kichwa chake, na utomvu ulikuwa bado mbichi. Moto wa mwaka juzi ulikuwa umeiteketeza mingine yote. Huu ndio uliobaki, na gome lake ndilo lililotibu vifua vya kijiji kizima.

"Nimeuona kutoka njiani, nikakimbia kupiga simu," alisema Mzwandile Cele, mlinzi wa msitu. "Sikusogea hata hatua, nisije nikaharibu ushahidi."

"Na hizo begani?" Sweta la sare la Cele lilikuwa na chembechembe za kahawia, ndogo kama mtama.

"Mbegu za nyasi, sajini. Ng'ombe wa mama wamenitoa jasho kweli asubuhi hii." Akacheka. "Mbona unanichunguza mimi? Nenda kwa MaNgubane. Nani mwingine anauza magome hapa?"

Saa tatu, konstebo akavuta gunia la magome kutoka nyuma ya nyumba ya MaNgubane. Mama huyo mganga alitoka mlangoni akalitazama. Saa nane nduna, mkuu wa kijiji, angemnyang'anya haki ya kuchuma dawa mbele ya watu wote, kisha gari la polisi lingempeleka mjini.

"Gogo," Hlengiwe alimwita kwa heshima, kama bibi yake, "gunia limekutwa kwako."

"Kwangu ndiyo, langu siyo! Mwanangu, mimi nachuna upande linakochomoza jua. Kipande cha viganja viwili, basi, halafu napaka udongo. Gome la kivulini, kama hilo la kusini, halina nguvu, ukimpa mgonjwa unamdanganya. Hata mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo!"

"Hakimu atataka zaidi ya maneno."

"Basi mtafutie! Kazi yako ni nini?"

Hlengiwe akainua kipande cha gome. Nje kilikuwa na kuvu ya kijani, na juu ya kuvu, chembechembe za kahawia. Marehemu baba yake, mfanyakazi wa jumba la makumbusho, alikuwa akitandika shuka chini ya miti na kugonga magome ili akusanye vitu hivihivi. Kituoni walimwita Sajini Konokono kwa kuwa alikuwa hachoki kusimulia habari za baba huyo. Leo alitamani kuwakumbatia wenzake hao wote.

Saa nane uwanja wa nduna Mthiyane ulijaa. Hlengiwe aliomba kikombe cha maji.

"Kiu imembana!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

"Ndugu Cele, umeugusa mti ule?"

"Mwezi mzima sijausogelea."

"Na gunia?"

"Konstebo wako ndiye aliyelibeba. Mimi sikuwepo."

"Sawa. Sogeeni, jamani, karibuni kabisa."

Alikinyunyizia maji kipande kile cha gome. Dakika moja ikapita. Halafu mama mmoja akapiga yowe. Chembe moja ilikuwa imesimama, imetoa pembe nyembamba kama uzi, inatembea. Kisha ya pili, kisha kumi.

"Vikonokono," alisema Hlengiwe kwa furaha. "Vinavuta hewa kama sisi. Jua likivikausha vinajifungia ndani, vikilowa vinaamka. Vinataka kivuli na kuvu, na tangu moto ule vimebaki upande wa kusini wa mti mmoja tu. Upande ambao MaNgubane hachuni."

Kabla Cele hajageuka, maji yaliyobaki yalikuwa begani kwake.

"Mbegu za nyasi hizo, Ndosi?" akauliza nduna, akimwita Cele kwa jina la sifa la ukoo wake.

Uwanja mzima uliinama kutazama. Bega la Cele lilianza kutembea. Alilipangusa kwa kiganja, akaona kilichobaki kiganjani.

"Kutoka njiani upande wa kusini hauonekani," Hlengiwe akaongeza. "Uliliona vipi jeraha?"

"Mnunuzi wa Durban ananisubiri," alisema Cele kwa sauti ndogo. "Na huyu mama Jumapili aliniona na panga pale. Alisema atakwambia, nduna. Nikamwekea gunia moja, ili mtu asimwamini tena."

Konstebo alimfunga pingu. MaNgubane hakumtazama. Alikuwa ameshika sweta walilomvua Cele.

"Hawa wadudu wanakwenda jela na nani?"

"Watatu wanakwenda kwa hakimu, Gogo. Wengine ni wako."

Saa kumi na moja wanawake hao wawili walikuwa msituni, mikono imejaa udongo. MaNgubane alilipaka jeraha lote, huku Hlengiwe akivirudisha vikonokono kwenye kuvu iliyobaki kandokando yake, kimoja kimoja, kwa ncha ya jani.

"Mti utapona?" aliuliza Hlengiwe.

"Upande wangu ni mzima. Utapona." Mama akaweka kiganja kwenye jeraha la kusini. "Miaka arobaini, na sijawahi kuushika upande huu."